Kadi ya Kipa na Miaka Yangu ya Kubangua

Kwenu Kadzo na Mwanaidi, na mwingine yeyote atakayekikalia kile kiti changu cha mezani.

Mtanisamehe herufi. Shule niliiacha darasa la nane, na tangu hapo sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko salamu za simu. Mwandiko nao mtauona umelala upande, kwa sababu kalamu nimeibana katikati ya vidole viwili vinavyofuata gumba. Gumba lenyewe limekataa kazi, na ndilo lililonirudisha Kilifi. Naandika mistari michache, nainuka, nazunguka uani, narudi. Dada yangu asema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Juzi alirudi kutoka sokoni akakuta nimezifungua pakiti zote za biskuti na kuzipanga mezani, hali hakuna mwenye njaa. Mikono inatafuta kazi. Kustaafu kabla ya kufika miaka thelathini ni jambo la kuchekwa, basi chekeni, halafu msome.

Nitawaeleza nilivyojifunza Riyadh na nilivyojifunza upya Jeddah. Lakini ninakotaka kufika ni kwenye kadi ya Mzee Nassor, mume wa Bi Zuwena. Macho yake yalikuwa yakienda, na alitaka kuiona saini ya kipa wake kabla hayajafunga kabisa. Ndiyo kadi ya mwisho niliyoifungua. Hainiachi nikakaa.

Kazi yenyewe nyinyi mnaijua, ila barua husomwa hata na wasioandikiwa. Watu hukusanya kadi za wachezaji, picha ndogo kwenye karatasi ngumu yenye kung'aa. Kadi nzuri hupelekwa ng'ambo kwa wapimaji, ikakaguliwa pembe na uso, ikapewa daraja, kisha ikafungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lisilofunguka. Halafu siku moja mchezaji mwenyewe anatua Riyadh, na mwenye kadi anataka saini. Ikitiwa juu ya plastiki, atakuwa amepata saini ya plastiki. Lazima kasha livunjwe na kadi isiguswe. Baadaye kadi hurudishwa kwa wapimaji, waithibitishe saini na kuifungia upya. Hapo katikati, kadi ikiwa uchi, ndipo mahali petu.

Mimi sikuenda Riyadh kwa kadi. Nilikwenda kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Al-Naseem. Nilikuwa na haya hata ya kujibu jina langu. Madam akiita "Dama!" nilikuwa natokea mlangoni kimya, naye anaita tena, nami nimesimama pale pale. Bosi, ambaye tulimwita baba, alikuwa na chumba cha kadi chenye kiyoyozi kikali kuliko cha kulala wageni. Mimi kazi yangu mle ilikuwa kufuta vumbi na kutogusa.

Siku ya kwanza ya kazi hii, mimi naihesabu ile alasiri baba alipokaa mezani na kisu cha jikoni, kasha moja mbele yake. Nilikuwa natoa vikombe vya chai. Alikiweka kisu tumboni mwa kasha akasukuma. Likalia kaa! Kisu kikateleza, kikapita kwenye magoti ya mchezaji. Baba akaweka mkono kichwani, akasema la haula. Nami badala ya kuondoka na sinia yangu, nikasimama nikitazama.

"Nini?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Mafi," nikasema. Hakuna kitu.

"Una kitu wewe. Sema."

Kusema sikuweza. Nikachukua pistachio moja kwenye bakuli, nikamwonyesha ule mstari ambapo ganda hukutana. Kwetu Kilifi nyanya yangu alikuwa akibangua korosho, na watoto wote tulikaa naye chini. Korosho haipigwi tumboni. Ukiipiga tumboni unapata vipande. Unaisimamisha, unatafuta mshono, unagonga kidogo kisha unasikiliza. Baba akaitazama ile pistachio, akanitazama mimi, akaenda chumbani akarudi na kasha la kadi isiyo na maana kwake.

"Yalla. Fanya."

Nikalifungua kwenye mshono wa juu, kule kwenye lebo, mbali na kadi. Likaachia kama kifuniko. Akaniuliza kwetu kitendo hicho kinaitwaje. Nikamwambia kubangua. Tangu hapo nyumba nzima ya Al-Naseem ikajifunza neno moja la Kiswahili, kwa matamshi yao. "Dama! Bangwa!" Na madam naye akiuliza kutoka jikoni nani atakanda unga.

Vyombo havikuwa vingi, na wala msikubali kuuziwa vingi. Koleo la kukatia waya, dogo, lenye meno bapa. Bisibisi pana isiyo kali. Kibano cha plastiki, kwa sababu cha chuma kitawaponza. Taulo chini, miwani ya fundi machoni. Miwani niliidharau mpaka kijipande kiliponirukia kwenye ushungi, na nikakaa siku nzima nikikishukuru kwa kuchagua kitambaa. Kata pembe mbili za juu, ingiza bisibisi pale ulipokata, zungusha kidogo kama unazima jiko la gesi. Plastiki italia. Ikilia, simama. Ufa hutembea wenyewe, na ukiuharakisha utageukia kwenye kadi. Kitanga cha mkono wa pili kiwe juu ya kasha muda wote, maana nusu mbili zikiachana kadi huruka. Lebo iwekeni. Lebo ndiyo itakayowaambia wapimaji kadi ilikuwa nani kabla ya kuvuliwa.

Riyadh ilinifunza jambo moja kubwa, nalo ni kungoja, na mimi kungoja siwezi. Bwana mmoja aliisahau kadi ndani ya gari wakati wa kiangazi. Gari la Riyadh mchana ni tanuri. Akaileta, na mchezaji anasaini hotelini jioni hiyo hiyo. Nikakata pembe, nikazungusha, kasha likaachia, lakini kadi haikuachia. Uso wake ulikuwa umelamba plastiki.

"Vuta!" akasema yule bwana.

Nikatikisa kichwa.

"Baba, huyu msichana wako haelewi? Mwambie avute!"

Baba akaniangalia. Miguu yangu chini ya meza ilikuwa inacheza yenyewe. Kila kidole kilitaka kuvuta. Nikailaza kadi chini ya kiyoyozi, uso chini, nikaikalia mikono yangu. Bwana alizunguka chumba mpaka zulia likapata njia. Mwishowe tukasikia kitu kama mtu anayebusu mtoto, kadi ikaanguka yenyewe kwenye taulo, nzima. Yule bwana hakunitazama hata kidogo. Aliishukuru kadi.

Kisha madam akahamishwa kazi, na nyumba yote ikahamia Jeddah. Baba akakodi chumba cha mbele cha karakana moja ya mtaa wa Balad, chini ya nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, akaweka meza, taa na kiti. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Bi Zuwena, mjalidi wa misahafu, mtia majalada. Wazee wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Yeye alizaliwa Jeddah, lakini Kiswahili chake cha Unguja hakijawahi kuona vumbi. Alikuwa ameshona na kutia gundi misahafu ya watu maisha yake yote.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Weye ndiye mvunja plastiki?"

"Ndimi."

"Hebu mikono." Akaigeuza huku na huku. "Mikono ya jikoni. Vizuri, wa jikoni wanajua kuungua. Lakini mbona karatasi waishika kama unamshika mwizi? Ishike kama shavu la mtoto wa mwenzio. Wampenda, lakini si wako."

Mimi nilijua plastiki, yeye alijua karatasi, na Jeddah ndipo nilipoelewa kuwa nusu ya kazi sikuwa naijua. Riyadh hewa ni kavu. Jeddah hewa ni maji. Kadi iliyokaa miaka ndani ya kasha ikitoka tu, inainama kama jani la mkeka. Nilipoiona ya kwanza ikijikunja mbele yangu nilitaka kulia. Bi Zuwena akaichukua bila neno, akailaza katikati ya karatasi mbili laini, akaiwekea ubao mwepesi juu. "Iache ilale. Imetoka safarini. Weye ukishuka kwenye ndege si unavimba miguu?" Kesho yake ilikuwa imenyooka. Tangu hapo sikumpa mtu kadi siku ile ile, apige kelele asipige.

Aliniua kwa kunirekebisha. Nikigusa uso wa kadi alinichapa kidole kwa rula. "Mafuta! Vidole vyako vina mafuta, hata ukioga mara saba." Nikikohoa karibu na meza aliniambia niende nikakohoe Makka. Lakini alipokula, alinigawia, na aliponiona sikai aliniletea uzi nikashona daftari.

Kila alasiri mumewe alikuja na birika la kahawa. Mzee Nassor alikuwa karani wa Bandari ya Jeddah mpaka alipostaafu, na ujanani alikuwa kipa wa timu ya wafanyakazi wa bandari. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja na njia yake. Alikuwa na mpenzi mmoja katika mpira, kipa mkubwa wa Afrika wa miaka ile. Jina silitaji, sikumwomba ruhusa. Sisi tulimwita Kipa tu, kama Mzee alivyomwita. Bandarini alimzungumza mpaka wenzake wakachoka, na siku ya kumuaga wakamnunulia kadi ya Kipa, imepimwa, imefungiwa, daraja la juu. Picha inamwonyesha Kipa yuko hewani, amelala ubavu, mkono umenyooka, na juu yake mbingu tupu.

"Walidhani nikipata picha nitanyamaza," alisema.

"Wajinga," akajibu Bi Zuwena.

Sasa Mzee alikuwa na presha ya macho. Kuona kulikuwa kumembakia katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kadi aliitazama kwa vipande, mkono kwanza, kisha mpira, kisha uso, na plastiki ikimwakia kwa taa alipoteza alipofika. Daktari alikuwa amemwambia kilichoondoka hakirudi na kilichobaki si cha kutegemea. Kisha habari ikaja kwamba Kipa anakuja Jeddah kwa mechi ya wakongwe, na atakaa hotelini kando ya bahari kusaini.

Mzee alikuja siku hiyo bila kahawa. Akaiweka kadi mezani kwangu.

"Nibangulie, mwanangu. Nataka nimwone akiandika, na nikione alichoandika. Basi. Baada ya hapo macho yakitaka kwenda, yaende."

Nikamtazama Bi Zuwena. Yeye wakati huo, kwa kunitazama tu, alikuwa anafungua makasha vizuri kunishinda.

"Usinitazame," akasema. "Cha watu naweza. Chake siwezi. Mkono unajua ni chake."

Hapo gumba langu lilikuwa limeshaanza. Asubuhi lilikuwa linakunjika na kukwama, nalinyoosha kwa mkono wa pili, linalia ndani kama kifundo cha muwa. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nikakata pembe ya kwanza, nikakata ya pili. Nikaingiza bisibisi, nikazungusha, plastiki ikalia, na gumba likakwama. Bisibisi iko ndani, ufa unatembea, na mimi siwezi kuachia wala kusukuma.

"Mbona umesimama?" Mzee akauliza.

"Nasikiliza," nikasema. Haukuwa uongo wote.

Bi Zuwena alikuwa ameona. Alikuja nyuma yangu, akaweka kitanga chake juu ya changu, si kwenye kasha, kwenye mkono wangu, akautuliza kama anavyotuliza gundi. Ufa ukapita njia yake mpaka chini, ukasimama. Kasha likafunguka. Kadi ilikuwa imelala kwenye nusu yake, pembe zote nne hai. Bi Zuwena alinikunjua gumba kwa vidole vyake, akasema kwa sauti ya chini, "Halas, mwanangu. Hili limekwisha." Nikajua hasemi kasha.

Kadi tukailaza katikati ya karatasi zake laini, chini ya ubao. Asubuhi ya kumwendea Kipa, Bi Zuwena aliichukua, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaitia ndani ya kijisanduku bapa anachopelekea misahafu ya watu. Tukapanda teksi watatu, Mzee kavaa kanzu mpya.

Ukumbi wa hoteli ulijaa vijana wa jezi. Tukakaa kwenye foleni. Tulipokaribia, Bi Zuwena akafungua sanduku ili kadi iwe tayari, na harufu ikatoka. Udi. Udi mzuri wa arusi.

"Bi Zuwena," nikasema polepole. "Umefukiza?"

"Ebo! Kwani nitampelekea mgeni kitu kisichonukia? Nimekifukiza kitambaa, na sanduku nimelitia mafuta ya udi matone mawili. Misahafu yote huipeleka hivyo."

Nikaitoa kadi kwa kingo. Nikaipumulia kwa mbali, kama mnavyofanya kujua kama uso ni safi. Ukungu ukakaa pembeni, katikati ukakimbia. Moshi na mafuta vilikuwa vimetandaza utando juu yake, na hasa juu ya ile mbingu, mahali pa saini. Kalamu ya rangi ikipita hapo wino unajikusanya matone kama maji kwenye jani la mgomba. Kipa hatasaini mara mbili, na Mzee hatapata siku nyingine ya kuona.

Bi Zuwena alikuwa amekwisha kuelewa. Uso wake ulikauka. Yeye wa kunipiga rula kwa alama ya kidole.

"Misahafu yote nimeifukiza," akanong'ona. "Yote."

Kisha akasema, "Misahafu haisainiwi."

"Mnanong'ona nini?" Mzee akauliza.

"Tunaomba dua," Bi Zuwena akajibu.

"Ombeni kwa sauti basi. Mimi mgonjwa wa macho, si wa masikio."

Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja na kitoto begani. Dawa ya utando kama ule ni poda, nyinyi mnajua, poda ya watoto na kitambaa laini. Lakini yetu ilikuwa karakanani, nasi tuko hapa. Ilibidi nimsemeshe mtu nisiyemjua, kwa Kiarabu changu cha jikoni, mbele ya watu. Nikamgusa bega.

"Madam. Poda. Ya mtoto. Tafadhali."

Akanitazama, akatazama nyuma yangu kutafuta mtoto wangu. Hakumwona, lakini akatoa chupa kwenye mkoba.

Kijana nyuma yetu akaona nikiimwagia kadi poda. "Hajja," akamwambia Bi Zuwena, "mnataka asainiwe au abadilishwe nepi?"

Bi Zuwena hakugeuka hata shingo. "Ngoja zamu yako. Imebaki ya kukutosha na weye."

Foleni nzima ikacheka, hata kijana. Mimi nilikuwa nimechukua kitambaa cha miwani ya Mzee. Gumba halikufaa, nikasugua kwa sehemu ya chini ya kitanga, duara ndogo ndogo, bila uzito. Foleni inasogea, nasi tunasogea, nasugua nikitembea. Mlinzi anasema yalla, yalla. Nikapumulia. Bado. Poda tena. Bi Zuwena alikuwa ameshika kona ya baibui langu kama mtoto sokoni. Nikapumulia. Ukungu ukakaa kadi nzima, kama kwenye kioo asubuhi, ukaondoka taratibu wote pamoja.

Tulikuwa tumefika mezani.

Kipa alikuwa amenenepa na ana mvi, lakini mikono ni ile ile ya kwenye picha. Aliichukua kalamu ya buluu, akaitikisa, akaijaribu kwenye karatasi. Mzee Nassor alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, ameinama, anatafuta kwa lile tundu lake. Kipa akaiona ile mikono, kalamu ikasimama hewani. Akanyoosha kidole chake kidogo cha kushoto, kimepinda kwa nje kama ndoana, akakiweka kando ya kile cha Mzee kilichopinda vile vile.

"Mpira?" akauliza kwa Kiarabu kibovu kama changu.

"Nguzo ya goli," akasema Mzee.

Kipa akacheka mpaka wasimamizi wakageuka. "Nguzo," akasema. "Haina rafiki."

Wala hakuharakisha. Aliandika kwa mapana, kuvuka mbingu yote juu ya kichwa chake cha ujana, na Mzee aliifuata ncha ya kalamu kwa jicho, pua karibu iguse meza, tangu herufi ya kwanza mpaka ule mkia wa mwisho. Wino ulikaa. Haukukimbia hata tone.

Ndani ya teksi niliishika kadi bapa mapajani, wino ukiwa bado mbichi. Tulipofika Balad ndipo Bi Zuwena aliposema, "Weye Dama, ukimwambia mtu habari ya udi, nitakujalidi." Nilingoja ruhusa, kisha nikacheka. Ruhusa ya kuandika haya alinipa mwenyewe. Alisema wenzangu wajue.

Siku iliyofuata baba alikuwa tayari na kifurushi cha kuipeleka kadi ng'ambo, ithibitishwe na kufungiwa. Mzee akakataa.

"Haiendi."

"Bwana wee," Bi Zuwena akasema, "bila kasha haina daraja. Itakuwa karatasi tu."

"Ikienda na kurudi, mimi tundu langu litakuwa limezibwa. Mtaniwekea kioo kinachong'aa, nitakigusa kioo."

"Na usipoifunga utaigusa yenyewe. Mafuta ya vidole, jasho. Utaimaliza!"

"Bandari imenimaliza mimi, nimelalamika?"

Bi Zuwena alisimama na rula yake mkononi. Baba akatazama kifurushi chake. Mimi nilitaka kutoka nje, kufagia, chochote. Kisha Bi Zuwena aliiweka rula chini. Akaupima wino kwa pembe ya karatasi, akaona umekauka. Akakishika kidole cha shahada cha mumewe, akakipeleka mpaka mahali herufi ya kwanza inapoanza.

Wino wa kalamu ya rangi hukauka ukiwa umeinuka kidogo. Sisi tunaujua ule mwinuko kama kitu cha kuogopa, usikwaruzwe. Mzee akafumba macho.

"Hapa kaanza," akasema. "Hapa kapanda. Hapa kakata." Kidole kikaenda kimya kuvuka mbingu. "Na hapa kashuka. Kama anayeulalia mpira."

Bi Zuwena, ambaye hajawahi kumwacha mtu akagusa uso wa karatasi, alikirudisha kile kidole mwanzo.

"Anza tena," akasema.

Baadaye aliijalidi. Aliishonea jalada la ngozi linalofunguka kama kitabu kidogo, uso wote wa kadi umefunikwa isipokuwa dirisha jembamba palipo na saini. Mimi nilipinda kingo kwa mkono wa kushoto. Kisha gumba likapelekwa hospitali, nikaambiwa nipumzike, na ikama yangu, yaani kibali cha kuishi kule, ambayo miaka yote iliandika mfanyakazi wa nyumbani, ikafika mwisho pamoja nami. Nilipoaga, Mzee Nassor alikuwa anaweza kuona mwanga wa mlango tu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nasoma," akapiga jalada mfukoni mwa kanzu.

Nimeinuka mara nyingi katika barua hii kuliko mistari yake. Kuku wa jirani wamenizoea. Nikikaa nawaza wino. Kila siku anaupitisha kidole, na wino si chuma. Kutakuja siku atafika mahali pa kupanda akute pamelala.

Basi naomba mniandikie. Kadzo, wewe wa Riyadh, niambie kama bado wanaacha kadi ndani ya gari. Mwanaidi, wewe uko Balad, umwombe Mzee akusomee. Umtazame kidole, usimtazame uso. Akivuka mpaka mwisho bila kukwama, niambie. Akikwama mahali, usimwambie yeye wala Bi Zuwena, niambie mimi ni wapi. Na msinipigie simu. Andikeni kwenye karatasi, mtie ndani ya bahasha, mzibe barabara kwa gundi ya Bi Zuwena, ile ngumu. Nipeni kitu cha kufungua.